Jinsi Mzee Ogutu Alivyongoja Msimu wa Kuuza Nyumba

Mzee Ogutu aliuza nyumba yake kwa miaka mitatu. Sisemi kwamba alikosa wanunuzi. Wanunuzi walikuja, wengine na pesa tayari benki. Nasema aliiuza kama mtu anavyokwenda kazini, kila siku, kwa kalamu, daftari na saa ya mkononi, na mimi ndiye niliyempigia chapa matangazo. Nina kibanda cha kopi hapa Voi, hatua chache kutoka steji ya mabasi. Napiga chapa barua, napiga picha za pasipoti, na mtu akiwa na ploti au nyumba ya kuuza namtafutia mteja. Watu huniita dalali. Mimi ningependa kuitwa mshauri, ila sijapata wa kuniita hivyo.

Ogutu ni Msamia wa Funyula, kule Busia. Alifika Voi akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, akaandikwa stesheni, kazi ya kubadilishia treni njia. Kazi hiyo haina mzaha. Ukikosea dakika mbili, treni mbili zinakutana na wewe unatafutwa na polisi. Aliifanya miaka thelathini na mmoja bila treni hata moja kukutana na nyingine, na hilo ndilo lililomharibu. Yeye alistaafu, ratiba ikakataa. Chai ni saa moja na robo asubuhi. Ugali ni saa saba kamili, na mkewe Nanzala akichelewesha mboga, mzee husimama mlango wa jikoni akitazama saa mpaka mboga yenyewe iive kwa aibu.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, ya mawe, na tangi la maji upande wa kivulini. Reli mpya ilipokuja, ilipita nyuma ya ua wake. Majirani wa mbele walilipwa fidia wakahama, wengine wakanunua magari wakayaangusha. Ogutu reli ilimkosa kwa hatua kumi na mbili. Akabaki na treni bila fidia.

Sasa kwa nini auze? Hapa lazima nieleze, maana sisi Wataita wa mlimani shida hii hatuna. Kwetu ni Wusi. Nikitoka nje ya kibanda nikainua shingo naiona milima, na nikifa leo asubuhi jioni nitakuwa nimeshafikishwa. Kwao Ogutu ni mbali, mchana mzima na usiku wake. Na huko kwao, mzee asiyejenga nyumba yake mwenyewe katika boma la baba yake akifa, mwili wake hauingizwi katika nyumba ya ndugu. Hulazwa nje chini ya turubai, na waombolezaji wanakula wali wakiutazama na kuulizana huyu alikuwa akifanya nini huko pwani miaka yote. Ogutu alikuwa hajajenga. Ndugu zake walimpigia simu kila Jumapili kumkumbusha kwamba mwacha mila ni mtumwa na kwamba bei ya mabati imepanda. Pesa za kujenga zilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kuta za nyumba ya Voi. Auze hapa, ajenge kule, wahame yeye na mkewe wakamalizie siku zao Funyula. Watamalizia wapi siku zao, hilo ndilo lililokuwa mezani, na kila mmoja aliamini anajua mwenzake anataka nini.

Yote yangekwisha upesi kama si Morris, mtoto wao mkubwa, anayeuza bima Nairobi. Morris alimtumia baba yake video ya mzungu mmoja mwenye meno mengi, mtaalamu wa kuuza nyumba. Mtaalamu alisema nyumba haiuzwi ovyo ovyo, huuzwa majira ya machipuo, majani yakiwa mabichi na maua yamechanua. Tena mlengwa awe mtu ambaye hajawahi kununua nyumba maishani mwake. Mwenye uzoefu hugonga kuta na kupanda paa. Mgeni wa mambo haya huangalia pazia, akaona watoto wake wakicheza uani, akalipa.

Ogutu alikuja kibandani siku ileile.

"Gibson, majira ya machipuo hapa Voi iko mwezi gani?"

"Mzee, hapa kuna joto, halafu kuna joto zaidi."

"Hapana. Lazima iko. Kila mahali iko."

Akaitafuta. Alikaa na daftari wiki nzima, na naapa aliipata. Voi huwa ya kijani mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikishanyesha, kwa muda wa wiki tatu hivi, kabla jua halijakumbuka kazi yake. Wakati huo hata ndovu wamerudi mbugani kwa sababu kule kuna maji na majani, kwa hiyo mgeni hatakutana nao barabarani. Walimu na wauguzi nao wanapanga mwaka mpya, mikopo ya sacco inapitishwa. Sawa, Novemba. Lakini siku gani? Maji ya mfereji huku hutoka Jumanne na Ijumaa tu. Ijumaa jirani yake muuza supu huchoma kwato za ng'ombe, na ile harufu haimsaidii mtu anayeuza ndoto. Ikabaki Jumanne. Saa ngapi? Aliweka kigoda nyuma ya nyumba miezi miwili, akaandika kila treni ya mizigo iliyopita. Akagundua kwamba siku ya Jumanne, kati ya saa nne na dakika kumi na saa tano kasoro dakika tano, huwa hakipiti kitu.

Piga hesabu mwenyewe. Jumanne tatu, dakika arobaini na tano kila moja. Kwa mwaka mzima nyumba ya Mzee Ogutu ilikuwa ikiuzika kwa saa mbili na robo.

Mwaka wa kwanza, mwezi wa Februari, nilimletea Musyimi, mfanyabiashara wa nafaka wa kule Taveta. Musyimi alitazama nyumba kwa dakika tano, akataja bei nzuri, akatoa simu ampigie wakili wake. Nilishaanza kuonja kamisheni mdomoni. Ogutu akamuuliza kama amewahi kununua nyumba. Musyimi akasema kwa fahari kwamba anazo mbili. Ogutu akatikisa kichwa kwa huruma, akamwambia yeye si mtu anayetafutwa, na hata angekuwa ndiye, arudi Novemba. Musyimi alinitazama kama anayeuliza ikiwa mzee amekunywa dawa zake. Wiki iliyofuata alinunua kwa mtu mwingine.

"Mzee, ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia, na sikuficha hasira.

"Subira huvuta heri," akanijibu.

Mithali zetu zina ubaya huo, kila mtu hupata ya kumtetea.

Mwaka wa pili, Novemba ikafika na majani yake, na Jumanne tatu zikapata wateja watatu, kila mmoja na mwenzake wa kumsindikiza, wote walimu vijana, wote bado wanapanga nyumba. Nilihudhuria zote. Ogutu alivaa koti. Aliwapokea getini saa nne na dakika kumi na moja, akawapitisha sebuleni, akafika jikoni, akafungua mfereji kwa vidole viwili. "Maji," akasema, akarudi nyuma kidogo ili wayaone vizuri. Kisha akawatoa uani, akainua mkono.

"Sikizeni."

Wakasikiza. "Hatusikii kitu, mzee."

"Ndiyo hiyo. Hakuna kitu."

Walimu walipenda kila kitu. Mmoja alipima kwa hatua mahali pa kuweka friji. Kila Jumanne, dakika ya arobaini, Ogutu akawatoa wote nje ya geti kwa heshima, na walipofika barabarani treni ya mizigo ikapita, mabehewa mia na kitu, wao wakidhani ni ya watu wengine. Kila mmoja aliahidi kurudi na pesa za kuanzia. Hakurudi hata mmoja.

Mteja mmoja kukimbia ni kawaida. Watatu kukimbia kuna namna. Baada ya Krismasi nilimpata mmoja wao kibandani, amekuja kutoa kopi ya hati ya mshahara, karibu nimshike shati. Akanieleza bila kinyongo. Siku ile anaondoka, mama wa nyumba alimsindikiza hadi getini, akamwomba sana aje tena Jumamosi saa nane mchana, yeye na mkewe, wanywe chai wazoeane. Wakaenda. Chai ilikuwa nzuri sana, akasema, na mandazi pia.

Hakuhitaji kuendelea. Jumamosi saa nane mzee huwa kwenye mkutano wa wastaafu wa reli. Jumamosi hakuna maji hata ya kunawa. Na Jumamosi saa nane treni za mizigo hupita tatu zikifuatana, vikombe vinatembea vyenyewe juu ya meza, na spika ya kanisa la jirani inafanyiwa majaribio.

Nilimwendea Nanzala nikiwa nimejiandaa kugomba. Nilimkuta uani anachambua mboga. Kila mtu hapa humwita Mama Morris, na kusema kweli yeye ndiye mtaa wenyewe. Ni mweka hazina wa akina mama kanisani. Ndiye anayeitwa mtoto akizaliwa na mtu akifa. Akiugua malaria siku mbili, ua wake hujaa watu wa makabila matano wakibishana nani apike uji.

"Mama Morris, unawakaribisha wateja wangu chai."

Hakukana. Aliendelea kuvunja mashina ya mchicha.

"Baba Wakesho, wewe kwenu ni pale," akasema, akionyesha milima kwa mdomo. "Mimi huko Samia niliolewa nikakaa mwaka mmoja tu, tukaja huku. Huko mimi ni bibi ya Ogutu tu. Wale wake za ndugu zake wamekaa pamoja miaka arobaini, wanajuana mpaka kikohozi. Nitaenda kukaa hapo katikati kama nani? Hapa mimi ni Nanzala."

"Basi mwambie mzee."

"Nimwambie nini? Asiende kwa baba zake? Watasema nimemfunga. Akifa hapa bila kujenga, miaka yote watasema ni yule mwanamke. Mzee anataka kufia kwao, na ni haki yake. Siwezi kumwambia hapana." Akanyanyua uso. "Lakini chai naweza kupika. Na usimwambie."

Nilirudi kibandani. Nilimuonea huruma, nakiri. Pia nilijionea huruma mwenyewe.

Mwaka wa tatu, wiki ya kwanza ya Septemba, Ogutu alikuja kubadilisha tangazo kwa mara ya kumi na nne. Alitaka niondoe neno "tulivu" niweke "tulivu sana". Nilikuwa na habari njema ya kumpa. Agosti nilikuwa nimempata Hillary, mwalimu wa sekondari, kijana wa Marungu, na mkewe Branice, muuguzi, binti wa mfanyakazi wa shamba la mkonge kule Mwatate. Hawajawahi kumiliki hata banda la kuku. Mkopo wa sacco ulikuwa umepita, wakingojea tu kuitwa. Kwa kuwa nilikuwa na uhakika nao, nilikuwa nimeshalipa arbuni ya mashine mpya ya kopi, inayotoa karatasi pande mbili kwa mara moja.

Nilimweleza. Nilitegemea afurahi. Badala yake alikaa kwenye kiti cha wanaopigwa picha, mbele ya lile pazia la bluu, akavua kofia.

"Gibson, nikuambie kitu? Mimi sina haraka na hii kuuza."

"Hilo naliona, mzee."

"Hapana, huoni. Huko nyumbani wale wa rika langu wamekufa wote. Ndugu zangu nawajua kwa simu. Nikienda huko, asubuhi nitaamka nifanye nini? Nitamsalimia nani? Hapa nikienda stesheni hata askari wa geti ananipigia saluti." Akaizungusha kofia mkononi. "Kama ni mimi peke yangu, wangenizika tu na turubai. Mtu aliyekufa halowi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Sasa kwa nini unauza?"

"Ni Mama Morris. Kila jioni ananisifia samaki wa Sio Port. Ati huko hewa ni safi, ati mihogo ya huko ni mitamu. Nimemkalisha karibu na treni miaka hii yote. Sasa nimwambie hatuendi? Na mwanamume wa kwetu atasemaje mbele ya watu kwamba hataki kwenda nyumbani? Hiyo maneno haiko." Akavaa kofia. "Ndiyo maana natafuta wakati mzuri. Wakati mzuri haukuji upesi."

Kumbe video ya mzungu ilikuwa imeokoa maisha yake. Na kumbe Nanzala alisifia samaki kila jioni kwa sababu alidhani mumewe anapenda kuwasikia.

Nilikuwa na siri mbili kifuani, na zote mbili zilikuwa siri moja. Sentensi fupi tu ingetosha: mzee, hata yeye hataki. Niliitengeneza kichwani, nikaiona ilivyo nzuri. Halafu nikaikumbuka ile mashine ya pande mbili. Nikamwambia kwamba wale vijana watakuja Jumanne ya kwanza ya Novemba, na kwamba majani yatakuwa mazuri mwaka huu. Mtu mwingine angesema nilipitiwa na shetani. Shetani hakuwepo, tulikuwa wawili tu.

Hillary na Branice walifika saa nne na dakika tisa, wakasimamishwa getini dakika mbili. Koti, maji, kimya, yote yakafanyika. Branice alishika ukuta wa sebule kwa kiganja akakaa nao hivyo. Nanzala akawasindikiza, akawakaribisha chai ya Jumamosi, na macho yetu yakakutana nikajifanya naangalia simu.

Jumamosi nilikwenda pia, nikijiambia naenda kulinda mteja. Joto lilikuwa la kukaanga. Nanzala aliomba radhi kwa furaha kwamba maji ya kunawa hakuna.

"Kwani yanatoka siku gani?" Hillary akauliza.

"Ni mara mbili tu kwa wiki, baba. Tunateseka."

"Mara mbili?" Hillary akamgeukia mkewe. "Branice, umeskia? Maji inakuja yenyewe mpaka kwa nyumba mara mbili kila wiki." Kwao Marungu alikuwa amekua akifuata maji na punda.

Treni ya kwanza ikapita. Vikombe vikaanza safari. Ya pili ikapita, na ya tatu, na spika ya kanisa ikakohoa. Nanzala alimtazama Branice kwa matumaini.

"Nilizaliwa nyumba za kampuni, ukuta kwa ukuta na mashine ya mkonge," Branice akasema, akishika kikombe chake kisianguke. "Ikinyamaza tulikuwa hatulali, tunajua kuna mtu ameumia. Hapa mtoto atalala vizuri sana." Akaweka mkono tumboni, na ndipo tukajua kuna mtoto.

Ogutu alikuwa amewaficha mambo hayo miaka mitatu watu ambao hawakuyaogopa hata kidogo. Nanzala alimimina chai nyingine, ikajaa hadi ikamwagika kwenye sahani.

Tulisaini Jumanne ya tatu, kwa Wakili Mutuku, Mkamba mmoja mpole anayefuata sheria hata pale inapomchelewesha chakula. Alisema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke, na kwamba lazima amuulize mama bila mzee kuwepo. Ogutu akatoka nje. Mimi nilibaki kama shahidi, nimeshika kidau cha wino.

"Mama, unakubali kwa hiari yako nyumba hii iuzwe?"

Nanzala akanitazama. Si kidogo.

"Mzee ndiye anataka kwenda kwao. Mimi ni nani nimzuie?"

"Hiyo bado si ndiyo wala hapana, mama."

Mdomo ulikuwa wangu, na hakuna aliyeuziba.

"Andika ndiyo," Nanzala akasema.

Ogutu akaitwa. Alisimama mlangoni, akamwangalia mkewe, akamwangalia wakili.

"Amekataa?" akauliza. Nimeuza vitu vingi maishani na naijua sauti ya mtu anayetamani kitu.

"Amekubali," Mutuku akasema.

"Sawa," Ogutu akasema, akakaa, akasaini polepole, herufi moja moja.

Walihama Januari. Basi lilikuwa la saa kumi na moja jioni na Ogutu alikuwa steji tangu saa tisa. Nusu ya kanisa ilikuja. Akina mama walimlilia Nanzala kama msiba, wakambebesha leso sita na kuku hai. Ogutu alinivuta kando akaniambia, "Angalau sasa Mama Morris atapumzika." Dakika chache baadaye Nanzala, macho mekundu, akaniambia, "Bora mzee amefurahi." Niliwatakia safari njema wote wawili. Mashine mpya ilikuwa imefika siku hiyo asubuhi.

Mwezi wa Aprili simu ikalia saa moja na robo asubuhi.

"Gibson, huyu mwalimu Hillary, hajahamishwa? Walimu huhamishwa sana." Ogutu akashusha sauti. "Akitaka kuuza, niambie mimi kwanza. Kuna pesa kidogo zilibaki. Na usimwambie Mama Morris, ana raha yake huku."

Wiki mbili baadaye akapiga Nanzala, kwa simu ya kuazima, akasalimia watu wote wa mtaa kwa majina, mpaka muuza supu. Halafu akauliza kama wale vijana wameizoea nyumba kweli, au pengine treni imewachosha. "Nauliza tu, Baba Wakesho. Mzee asijue, atafikiri sipendi kwao."

Mke wangu Jedidah alikuwa pale anakunja nguo, na simu yangu ina sauti kubwa. Aliniuliza kisa chenyewe, nikamweleza chote, hata mashine. Hakunigombeza. Alimaliza kukunja nguo zake, zangu akaziacha.

Kesho yake nilikwenda kwa Hillary. Nilimkuta amepiga magoti anaweka vigae jikoni, na Branice amekaa kizingitini na mtoto mchanga. Niliuliza kwa kuzunguka sana kama wangefikiria kuuza, kwa faida. Hillary alicheka akidhani namtania.

"Kwetu hakuna mtu amewahi kuwa na nyumba yenye karatasi, tangu babu," akasema. "Hapa tumefika, Baba Wakesho. Hatuendi mahali."

Jioni nikapiga Funyula. Nilimwomba Ogutu amwite Mama Morris, akae karibu, na aweke simu sauti ya juu. Nikasikia kigoda kikiburutwa. Nikasema ile sentensi, safari hii kwa pande zote mbili: kwamba mzee hakutaka kuhama, kwamba mama hakutaka kuhama, kwamba kila mmoja alikwenda kwa ajili ya mwenzake. Nikaongeza kwamba Hillary hauzi. Huko nyuma jogoo aliwika, ng'ombe akajibu.

"Baba Morris, ni kweli?" Nanzala akauliza, mbali na simu.

"Ni kweli. Na wewe?"

"Ni kweli."

Halafu Ogutu akasogea karibu, na nikaitambua sauti yake ya kazini.

"Gibson. Wewe ulijua lini?"

"Ya Mama Morris, mwaka wa pili. Ya kwako ulinieleza Septemba, mzee."

"Wiki ya kwanza ya Septemba," akasema. "Na tulisaini katikati ya Novemba. Hizo ni wiki kumi."

Nilisikia Nanzala akichukua simu kutoka mkononi mwake.

"Haya, Baba Wakesho," akasema kwa upole. "Tunashukuru umetuambia. Tusalimie Jedidah na watoto." Akakata taratibu, na mimi nikabaki nimeishika simu sikioni, nikitamani sana angenitukana.